Kijana wa Ng'ombe Aliyeonekana Chizi, na Matrekta Yanayoamsha Mitaa ya Montreal Saa Tisa Usiku

Saa tisa usiku, mwezi wa kwanza, mtaa wa pembezoni mwa Montreal, jimbo la Quebec, Kanada. Baridi ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Watu wamejifunika gubigubi, hata mbwa hasikiki. Ghafla muungurumo. Taa ya rangi ya chungwa inazunguka kwenye kuta za nyumba, na trekta linaingia kinyumenyume hadi kwenye mlango wa gereji. Linashusha mzigo uliofungwa mgongoni kwake, halafu linaanza kutoka taratibu kwenda mbele, huku theluji ikiruka juu pembeni kama maji ya bomba lililopasuka. Dakika moja, mbili, kazi imeisha. Linahamia nyumba ya jirani.

Asubuhi mwenye nyumba anatoka na kikombe chake cha kahawa. Lami inaonekana. Anawasha gari anaenda kazini kama vile usiku hakijanyesha kitu. Aliyemfungulia njia hajamwona, na inawezekana kabisa msimu mzima ukaisha bila kumjua jina.

Sasa sikia. Nyuma ya hizo dakika mbili kuna historia ya zaidi ya miaka 150. Ndani yake yumo daktari wa meno, yumo msaga unga, yumo kijana wa shamba la ng'ombe ambaye watu walimwona amechanganyikiwa, na imo mashine ya kupura ngano. Tena wamo watu wengi ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Theluji sio pamba

Wengi wetu tunaijua theluji ya kwenye muvi. Inashuka polepole, wapendanao wanashikana mikono, muziki unapigwa. Kwenye muvi hawaonyeshi asubuhi yake.

Piga hesabu ndogo tu. Chukua njia ya kuingizia gari nyumbani yenye upana wa mita 6 na urefu wa mita 15. Ikidondoka theluji ya sentimita 20, hapo una meta za ujazo 18. Theluji mbichi, ile nyepesi, ina karibu kilo 100 kwa kila meta moja ya ujazo. Kwa hiyo mlangoni kwako kuna kilo 1,800, yaani karibu tani mbili, na gari liko nyuma yake. Ikiwa ni theluji yenye maji, ile nzito ya mwisho wa msimu, uzito unaweza kuwa mara tatu ya huo.

Na Montreal haipati theluji siku moja ikaisha. Kwa wastani inadondoka karibu mita mbili kila msimu, kwa awamu, kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa nne. Unasafisha Jumatatu, Alhamisi inarudi.

Zamani silaha ilikuwa koleo tu, na wapo wanaolitumia mpaka leo. Lakini koleo lina bei yake. Mwaka 2017 jarida la madaktari wa Kanada lilichapisha utafiti uliopitia rekodi za wagonjwa wa Quebec kuanzia 1981 hadi 2014. Walichokuta ni kwamba siku moja baada ya theluji ya sentimita 20, uwezekano wa wanaume kufa kwa mshtuko wa moyo ulipanda kwa karibu theluthi moja, ukilinganisha na siku isiyo na theluji. Watafiti walihisi chanzo ni lile koleo: baba anayeshinda amekaa kwenye kiti mwaka mzima, asubuhi moja anaamka na kuinua tani mbili kwenye baridi kali, haraka haraka kwa sababu amechelewa kazini.

Ndiyo maana stori ya hizi mashine si stori ya uvivu. Kuna watu wako hai leo kwa sababu trekta lilipita usiku.

Zamani theluji ilikuwa barabara

Kitu kimoja kinachoshangaza ni kwamba mababu wa watu hawa hawakuiondoa theluji. Waliitumia.

Kabla ya magari, majira ya baridi usafiri ulikuwa wa farasi na gari lisilo na magurudumu, linaloteleza juu ya theluji. Theluji ikishindiliwa vizuri, mzigo unateleza wenyewe. Kuna sehemu za Amerika Kaskazini walikuwa na mapipa makubwa ya mbao yanayovutwa na farasi kwa ajili ya kuishindilia theluji barabarani ili igande iwe ngumu. Kuiondoa ingekuwa kama kung'oa lami.

Shida ilikuwa nyingine: kupotea. Uwanda wote ukiwa mweupe, huoni barabara iko wapi na mto uko wapi. Basi tangu enzi za utawala wa Wafaransa, wakulima wa Quebec waliamriwa kusimika miti michanga pembeni mwa njia zinazopita kwenye mashamba yao, msafiri aifuate moja baada ya nyingine mpaka afike. Ile miti waliiita balises. Likumbuke hilo neno, litarudi.

Kilichoharibu mpango mzima ni mashine mbili: treni na gari. Hizo mbili haziwezi kuteleza juu ya theluji. Zinataka chini pawe peupe.

Daktari wa meno na msaga unga

Treni ndizo zilianza kukwama. Reli zilipofika kwenye nyika za Kanada na milima ya Marekani, theluji ilikuwa inafukia njia hadi treni inapotea. Walifunga majembe makubwa mbele ya vichwa vya treni, wakasukuma. Lakini kuna kina cha theluji ambacho hakisukumiki. Unachokifanya ni kuishindilia tu, mwisho unagonga ukuta.

Mwaka 1869, daktari wa meno wa Toronto aitwaye J. W. Elliott alichukua hataza ya wazo jipya: badala ya kusukuma, mashine iikate theluji kwa gurudumu linalozunguka, kisha iirushe pembeni. Ukifikiria, ni wazo la mtu aliyezoea kutoboa. Ila yeye mwenyewe hakuwahi kuligeuza kuwa mashine kamili.

Aliyelifufua alikuwa msaga unga wa mji wa Orangeville, Orange Jull. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 aliliboresha, na kwa kuwa si kila siku kuna theluji, akajaribisha kamfano kake kwa mchanga. Karakana ya ndugu wawili wa ukoo wa Leslie pale Toronto ikaunda mashine kamili, na majira ya baridi ya 1883 kuamkia 1884 ikajaribiwa relini. Ilifanya kazi. Reli zikafunguka.

Lakini ile mashine ilikuwa kubwa kama nyumba, na ilienda kwenye reli tu. Mtu wa kawaida mwenye mlango uliofukiwa hakupata kitu hapo.

Jamaa waliyemwona chizi

Hapa ndipo anaingia kijana wa shamba. Arthur Sicard alizaliwa mwaka 1876 Saint-Léonard-de-Port-Maurice, eneo ambalo siku hizi limemezwa na jiji la Montreal. Familia yao ilifuga ng'ombe wa maziwa. Na kila anayefuga anajua kwamba ng'ombe hana likizo. Maziwa yanakamuliwa kila siku, na yakikamuliwa lazima yafike kwa wateja. Theluji ikifunga njia, maziwa yanaharibika nyumbani huku mjini watu wanayataka.

Inasimuliwa kwamba akiwa kijana wa miaka 18 hivi aliiona mashine ya kupura nafaka ikifanya kazi. Unaweka mabua upande huu, ndani kuna mapanga yanazunguka, na upande wa pili makapi yanarushwa nje kwa nguvu kupitia bomba. Jamaa akasimama pale. Mashine inameza kitu, inakitema mbali. Sasa kwa nini kisiwe theluji?

Wazo lilikuwa rahisi hivyo. Kulitekeleza kulimchukua karibu miaka 30.

Theluji si mabua. Ikiwa kavu inapeperuka, ikiwa na maji inanata ndani ya bomba kama ugali uliopoa, ikiganda inakuwa jiwe. Na injini za wakati ule zilikuwa dhaifu. Alijaribu, akashindwa, akajaribu tena. Stori za kwao zinasema majirani walimcheka na kumwona chizi, mtu anayetumia pesa zake kupigana na theluji ambayo mwezi wa nne itayeyuka yenyewe bure.

Mwaka 1925 mashine ikakubali. Lilikuwa lori lenye nguvu magurudumu yote manne, mbele lina sehemu ya kuchota, na lina injini ya pili kwa kazi moja tu: kuzungusha mitambo ya kurusha. Theluji iliweza kurushwa umbali wa zaidi ya mita 25, au kumwagwa moja kwa moja ndani ya lori linalotembea sambamba. Mwaka 1927 akauza ya kwanza kwa Outremont, mji mdogo uliokuwa ubavuni mwa Montreal. Waliocheka wakaanza kupishana kusimulia kwamba wanamfahamu.

Sicard alifariki mwaka 1946. Mpaka leo, theluji ikitulia Montreal, ving'ora vinalia mtaani kuwaonya watu waondoe magari, halafu mashine za ukoo ule ule zinapita zikijaza malori msururu.

Barabara imefunguka, mlango bado

Sasa kuna kitu kinaitwa dhuluma ya katapila. Jiji linasafisha barabara, sawa. Lakini linapopita linasukuma theluji pembeni, na pembeni ndipo ulipo mdomo wa njia yako. Umeamka saa kumi na moja, umechimba kwa koleo mpaka mgongo unalia, umemaliza, unaingia ndani kubadilisha nguo. Katapila linapita. Unatoka unakuta tuta limefunga njia, tena gumu kuliko ulilolichimba. Na huruhusiwi kulirudisha barabarani, faini inakusubiri.

Tatizo hili lilikua baada ya Vita Kuu ya Pili. Familia zilihama katikati ya mji zikaenda maeneo ya pembezoni kama Laval na Longueuil, kwenye nyumba zenye bustani, gereji, na njia ya gari ya kila mtu. Maelfu ya njia mpya, na kila moja ina mwenyewe wa kuisafisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikaja mashine ndogo za kusukuma kwa mkono, kama ya kampuni ya Toro ya Marekani, na mwaka 1960 Ariens wa Wisconsin nao wakaingia sokoni. Zilisaidia. Lakini bado ni wewe unayesimama nje kwenye baridi saa moja nzima.

Jibu lilikuwa limeegeshwa bandani muda wote, yaani trekta la mkulima.

Trekta lilikuwa limeshapata vitu viwili muhimu. Cha kwanza ni ile shafti inayozunguka nyuma, ambayo mafundi wa matrekta wanaiita PTO. Inachukua nguvu ya injini na kuizungushia mashine nyingine, kwa kawaida mizunguko 540 kwa dakika. Cha pili ni mikono mitatu ya nyuma inayonyanyua na kushusha zana kwa haidroliki, mfumo uliosambazwa na Harry Ferguson na kupata umaarufu kwenye trekta la Ford la mwaka 1939. Ukiwa na hivyo viwili, jembe linatoka, mashine ya kurusha theluji inaingia, na trekta ambalo lingelala miezi mitano linaanza kumwingizia mkulima pesa. Yaani wazo lililotoka shambani likarudi kwenye mashine ya shambani.

Ndani yake ni kama mashine ya kupura ya Sicard imepunguzwa. Chini kuna parafujo kubwa lililolala, linavuta theluji kutoka pande zote kuileta katikati. Nyuma yake kuna feni nzito ya chuma inayoipokea na kuitupa juu kupitia bomba ambalo dereva analigeuza anakotaka. Kuna na boliti moja laini iliyowekwa makusudi. Parafujo likila jiwe au gazeti lililofukiwa mlangoni, boliti inakatika kabla giaboksi halijavunjika. Dereva anashuka, anabadilisha, anaendelea.

Ujanja mkubwa wa Quebec ni kuigeuza mashine. Ya kawaida inakula theluji iliyo mbele yake, kwa hiyo ukiifunga nyuma ya trekta lazima uendeshe kinyumenyume usiku kucha, shingo imepinda. Wao wakaigeuza mdomo utazame trekta. Dereva anarudi nyuma mara moja tu mpaka mlango wa gereji, mashine ikiwa juu. Anaishusha sentimita chache kutoka mlangoni, kisha anatoka akitazama mbele, mashine ikikwangua nyuma yake. Hapo theluji ya mlangoni, ile ambayo jembe la kusukuma haliwezi kuifikia, inaondoka yote. Viwanda vya huko Quebec kama Normand na Pronovost, vilivyoanza kwa zana za wakulima, vimejijengea jina kwa mashine hizi.

Siku ambayo hata hoki ilisimama

Umuhimu wa kazi hii ulionekana tarehe 4 Machi 1971. Montreal ilipigwa na tufani lililoangusha zaidi ya sentimita 40 za theluji, na upepo uliofika kilomita 110 kwa saa. Umeme ulikatika. Milango ya mbele ilifukiwa, watu wakatokea madirishani. Polisi na wahudumu walitumia pikipiki za theluji kufikisha wagonjwa na madaktari hospitali. Mechi ya hoki ya Montreal Canadiens iliahirishwa, na kwa mji ule hiyo ni sawa na kufuta derby ya Simba na Yanga. Watu 17 walikufa.

Rekodi ya theluji ya siku moja ilikuja kuvunjwa Desemba 27, 2012, kwa sentimita 45. Safari hiyo magari yalikwama, ndege zikachelewa, lakini mji ulirudi kazini. Katikati ya miaka hiyo 41 mashine zilikuwa zimeongezeka, barabarani na milangoni.

Wanaume wa saa tisa usiku

Siku hizi ni biashara ya msimu. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja watu wanasaini mikataba, na kampuni inakuja kuchomeka vijiti vyembamba vya rangi yake pembeni mwa njia yako, ili dereva aijue mipaka theluji itakapofunika kila kitu. Vijiti hivyo vinaitwaje? Balises. Neno lile lile la miti ya wakulima wa enzi za Wafaransa. Kazi ni ile ile: kumwambia anayepita gizani kwamba njia ni hapa.

Dereva yeye analala na simu masikioni. Utabiri ukibadilika, anaamka. Ana orodha ya nyumba anazozijua kwa kichwa: hii ina ngazi upande wa kushoto, hii ina ua la mama mwenye nyumba, usimrushie theluji jirani wa kulia, ana maneno. Ikinyesha siku mbili mfululizo, naye yuko kwenye kabini siku mbili. Isiponyesha, wateja wanalalamika wamelipia bure.

Na dili halikosi matapeli. Zipo kampuni zilizokusanya pesa za watu mwezi wa kumi, kufika mwezi wa kwanza simu haipokelewi. Ndiyo maana ofisi ya jimbo inayolinda walaji huwashauri watu wasilipe zote kwa mkupuo.

Hatari nayo ipo, na si ya kuchekea. Bomba likiziba, mtu akaingiza mkono kulizibua, vidole vinaondoka. Hata injini ikiwa imezimwa, feni inaweza kuwa imebana nguvu, ukiigusa inaruka. Wanatumia kijiti, sio mkono. Na kuna watoto. Watoto wa kule wanapenda kuchimba mapango kwenye marundo ya theluji mbele ya nyumba, na kwa dereva rundo lenye mtoto na lisilo na mtoto vinafanana. Kwa hiyo wazazi wanafundisha watoto kama huku wanavyofundishwa kuhusu barabara kuu: ukisikia trekta, toka, simama mlangoni, akuone.

Montreal na vitongoji vyake vina Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi, na Kiswahili kinasikika kwenye mabasi yake. Kwa wengi wao, usiku wa kwanza wa trekta ni wa kukimbilia dirishani. Taa inazunguka, chuma kinakwangua lami, na kitu cheupe kinapaa juu ya uzio. Baada ya miaka miwili wanageuka upande wa pili wanalala, kama wenyeji.

Daktari wa meno, msaga unga na kijana wa ng'ombe, majina yao yamebaki. Aliyewaza kwanza kuigeuza mashine itazame trekta, mkulima wa kwanza aliyegonga kwa jirani akasema "nikusafishie kwa shilingi ngapi?", na yule aliyepita jana usiku, hao hawapo kwenye kitabu chochote. Kuna wenyeji ambao mwezi wa kumi na mbili huacha bahasha kwenye kitasa cha mlango, juu yake wameandika "Kwa dereva". Jina hawalijui, lakini wanajua atapita.

Je, kwenu kuna kazi gani inafanyika mmelala, na anayeifanya mnamjua jina? Dondosha yako hapo chini.